Hieroglifu za Wamaya: uanze na mawe, vyombo au vitabu?

Anayetaka kujifunza kusoma hieroglifu, yaani maandishi ya ishara, za Wamaya wa kale wa Amerika ya Kati hukutana mapema na swali ambalo miongozo mingi hulipita mbio: asome nini kwanza? Maandishi yaliyobaki yako katika makundi matatu makubwa. Kuna mawe: stela (mawe marefu yaliyosimikwa), madhabahu, ngazi na linta (mawe ya juu ya milango) katika miji kama Palenque, Yaxchilán, Tikal na Copán. Kuna vyombo vya udongo vilivyochorwa kwa brashi, hasa vikombe na sahani. Na kuna vitabu vya karatasi ya gome la mti, yaani kodeksi, ambavyo vimebaki vinne tu duniani. Hati ni moja na ishara nyingi ni zilezile, lakini kazi ya kusoma inatofautiana sana kati ya kundi na kundi, na wengi walioacha njiani waliacha kwa sababu walianzia mahali pasipowafaa.

Tutayalinganisha kwa kipimo kimoja: ukikosea, maandishi yenyewe yanakuambia? Aliye mbali na darasa hana mwalimu wa kumshika mkono, kwa hiyo anahitaji maandishi yanayomkataa anaposoma vibaya. Mawe yanakusahihisha kwa hesabu za tarehe. Vyombo vinakusahihisha kwa maneno yanayojirudia kwa mpangilio uleule. Vitabu vinakusahihisha kwa picha iliyo chini ya maneno, na kwa hesabu ndogondogo za siku.

Ufumbuzi wa hati hii ulipita njia hizohizo. Mwaka 1952 Yuri Knorozov, akiwa Leningrad, alionyesha kwa kutumia kodeksi kwamba ishara nyingi ni silabi: palipochorwa mbwa alisoma tzu-lu, yaani tzul, palipochorwa bata mzinga, ku-tzu, yaani kutz. Picha ilikuwa shahidi wake. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff alipanga tarehe za stela za mji wa Piedras Negras akaona kwamba nafasi kati ya tarehe na tarehe inalingana na umri wa binadamu, kwa hiyo mawe yanasimulia watawala wa kweli. Shahidi wake alikuwa hesabu. Na katika miaka ya 1980 David Stuart na wenzake walipata silabi nyingi kwa kulinganisha vyombo vinavyosema jambo moja kwa tahajia tofauti.

Kwa walio wengi ushauri wetu ni kuanza na mawe, lakini si jiwe lolote.

Mambo yasiyobadilika popote uanzapo

Ishara zinazojulikana zinakaribia 800, ila katika kipindi kimoja zilizokuwa zikitumika ni kati ya 300 na 500. Nyingine zinasimama kwa neno zima, na kwa desturi tunaziandika kwa herufi kubwa; nyingine ni silabi, na huandikwa kwa herufi ndogo. Jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika, huweza kuandikwa BALAM, au BALAM-ma, au ba-la-ma. Hiyo ma ya BALAM-ma haiongezi sauti. Inamkumbusha msomaji kwamba neno linaishia na m.

Silabi ni konsonanti moja na irabu moja, kama ubao wa darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Msomaji wa Kiswahili anaingia hapa akiwa nyumbani, kisha anategwa. Maneno mengi ya Kimaya huishia na konsonanti, kwa hiyo irabu ya mwisho huandikwa ili imezwe: pa-ka-la ni pakal, ngao. Sisi tukikopa neno tunafanya kinyume, tunabandika irabu mwishoni, ndiyo maana tuna benki na kabati. Kwa wiki za kwanza utajikuta unasoma «pakala», jizuie. Kwa kawaida irabu inayomezwa hufanana na ile iliyotangulia. Isipofanana, kama katika ba-ki, wataalamu wengi huona ni dalili kwamba irabu ya ndani ni ndefu, nao husoma baak, neno lenye maana ya mfupa na pia mateka.

Ritifaa nayo inapotosha. Katika k', tz', ch' na t' si ile ya ng'ombe: inaonyesha konsonanti inayotolewa koo likiwa limebanwa, na inabadilisha maana. Kab ni ardhi, k'ab ni mkono. Herufi x husomwa sh, na j husomwa kh kama ya Khamis.

Ishara hupangwa katika miraba, na miraba hupangwa katika safuwima zinazosomwa mbilimbili. Zipe safuwima herufi na safumlalo namba, kisha soma A1, B1, A2, B2 hadi chini, ndipo upande C1, D1. Ndani ya mraba unakwenda kushoto kulia na juu chini. Vichwa vya watu na wanyama kwa kawaida hutazama kushoto, unakotoka usomaji. Vikitazama kulia, maandishi yamegeuzwa kama kwenye kioo na yanaanzia kulia. Linta namba 25 ya Yaxchilán, iliyopo British Museum, London, iko hivyo, nayo imewapotezea wanafunzi wengi siku nzima.

Kuna namba za T utakazokutana nazo kila mahali. Ni za orodha ya ishara aliyoitoa J. Eric S. Thompson mwaka 1962. Zichukulie kama namba za rafu tu, kwa sababu Thompson mwenyewe alipinga usomaji wa silabi, na namba moja yaweza kuwa na sauti zaidi ya moja. T528 ikiwa ndani ya fremu ya siku ni siku Kawak, ikiambatana na silabi «ni» husomwa TUUN (jiwe), na kwingine ni silabi ku. Anayekariri «T528 = ku» akidhani amemaliza atasoma nusu ya mawe vibaya.

Mawe

Stela ya kawaida inaanza kwa tarehe, na tarehe hiyo ndiyo mwalimu. Juu kabisa kuna ishara kubwa ya utangulizi, mara nyingi ikichukua nafasi ya miraba miwili au minne. Inafuatwa na Hesabu Ndefu, yaani idadi ya siku tangu mwanzo wa zama, ikigawanywa katika vizio vitano: bak'tun siku 144,000, k'atun siku 7,200, tun siku 360, winal siku 20, na k'in siku 1. Nukta ni moja, mstari ni tano.

Mfano tunaoupenda ni Stela 3 ya Piedras Negras, mji ulio kwenye ukingo wa Mto Usumacinta nchini Guatemala. Mgongo wake una maandishi yaliyohifadhika vizuri, nayo ni ya maisha ya mwanamke, Bibi K'atun Ajaw wa Namaan. Tarehe ya kwanza ni 9.12.2.0.16.

9 × 144,000 = 1,296,000
12 × 7,200 = 86,400
2 × 360 = 720
0 × 20 = 0
16 × 1 = 16
Jumla: siku 1,383,136

Sasa pima. Kila siku ina namba kati ya 1 na 13, jina moja kati ya majina 20, na nafasi katika mwaka wa siku 365. Zama zilianza siku iitwayo 4 Ajaw 8 Kumk'u. Gawanya jumla kwa 13, baki ni 1. Ongeza kwenye 4 upate 5. Gawanya kwa 20, baki ni 16. Hesabu siku kumi na sita baada ya Ajaw ufike Kib. Gawanya kwa 365, baki ni 151. Ongeza 348, ambayo ni nafasi ya 8 Kumk'u katika mwaka, upate 499. Toa 365 ibaki 134. Hiyo ni miezi sita kamili ya siku 20 na siku 14 za mwezi wa saba, Yaxk'in. Kwa hiyo jiwe lazima liseme 5 Kib 14 Yaxk'in. Nalo linasema hivyo. Likisema vingine, umehesabu nukta vibaya, rudi.

Makosa ya hapa yanajulikana. La kwanza ni vijazio: mchongaji aliyekuwa na nukta moja au mbili juu ya mraba alijaza nafasi kwa vijipande vyenye umbo la hilali au msalaba ili ipendeze. Mgeni huvihesabu na kupata 3 mahali penye 1. La pili ni kusahau mipaka: winal haizidi 17, na k'in haizidi 19. Ukipata winal 18, acha kila kitu uangalie tena. La tatu ni sifuri, ambayo ina ishara yake na haiachwi wazi. La nne ni kutafuta jina la mwezi mahali pasipo. Jina la siku (5 Kib) hufuata Hesabu Ndefu mara moja, lakini la mwezi (14 Yaxk'in) mara nyingi huja baada ya kundi la ishara zinazoeleza umri wa mwezi angani na kama ulikuwa wa siku 29 au 30. Anayeanza aruke kundi hilo lote bila aibu, atafute namba inayofuata.

Kubadili kuwa tarehe yetu, ongeza 584,283 upate namba ya siku ya Julian (hesabu ya siku mfululizo ya wanaastronomia), 1,967,419, ambayo ni 5 Julai 674 kwa kalenda ya Gregory iliyorudishwa nyuma, au 2 Julai kwa kalenda ya Julius. Wapo wataalamu wanaotumia 584,285, na hao watakuandikia 7 Julai au 4 Julai. Tarehe nne kwa tukio moja, na hakuna aliyekosea hesabu. Ukitumia programu ya kubadili tarehe, angalia kwanza imewekwa namba gani ya kuongeza na kalenda gani.

Baada ya tarehe huja kitenzi. Hapa ni kichwa cha chura aliyeinua uso juu (T740), alama ya kuzaliwa: sihyaj. Kisha jina lake. Kisha Namba ya Umbali, ambayo inaanza na kizio kidogo kwenda kikubwa, kinyume cha Hesabu Ndefu: siku 0, winal 10, tun 12. Ongeza siku 4,520 ufike 1 Kib 14 K'ank'in, siku ya mambo yake ya ndoa. Alikuwa na miaka 12. Kwa siku 7,790 zaidi unafika 4 Kimi 14 Wo, mwaka 708, alipozaliwa binti yake, Bibi Juntan Ahk. Kila hatua unaweza kuipima mwenyewe kwa kalamu, bila kumuuliza mtu. Hakuna maandishi mengine ya Wamaya yenye ukarimu huo.

Vitenzi vinavyohitajika kwa kuanzia si vingi. Ukijua sihyaj (alizaliwa), chumwaan (alikaa kwenye utawala), chuhkaj (alikamatwa), muhkaj (alizikwa) na tz'ahpaj (ilisimikwa, ya stela) unaweza kufuata sehemu kubwa ya maandishi mafupi. Kiswahili husimika nguzo na husimika mtemi kwa kitenzi kimoja. Wamaya walitenganisha, nguzo ikasimikwa, mtawala akakaa. Kauli ya kutendwa nayo haitakusumbua: u-chu-ku-wa ni «alimkamata», chu-ka-ja ni «alikamatwa». Ile h ya chuhkaj haiandikwi. Wasomaji wa leo huirudisha kutokana na sarufi.

Jiwe la pili baada ya Stela 3 liwe Linta 8 ya Yaxchilán. Ni fupi, na jina la mateka limechongwa kwenye paja lake, kwa hiyo huwezi kulikosa. Haina Hesabu Ndefu, ina 7 Imix 14 Sek tu. Jina kama hilo hurudi kila baada ya siku 18,980, karibu miaka 52, kwa hiyo yaweza kuwa mwaka 703, 755 au 807. Aliyekamata ni Yaxuun Bahlam IV, aliyetawala kuanzia 752 hadi 768. Basi ni 755. Zoezi hilo dogo linafundisha namna wasomi wanavyofunga tarehe zilizolegea.

Mabaya ya mawe ni mawili, mvua na mapambo. Chokaa ikiliwa na mvua karne kumi na mbili, mstari unaosimama kwa tano na fremu ya mraba hufanana. Mapambo ni pale mchongaji alipoamua kuonyesha ufundi: badala ya nukta na mistari kuna vichwa, na wakati mwingine miili mizima ya miungu iliyobeba muda, kama kwenye Stela D ya Quiriguá. Nzuri ajabu, lakini si za mwaka wa kwanza. Ikwepe pia Ngazi ya Hieroglifu ya Copán. Ina zaidi ya ishara 2,000 na ndiyo maandishi marefu kuliko yote ya Wamaya, lakini sehemu kubwa iliporomoka, na ilipojengwa upya karne ya 20 mawe mengi yaliwekwa bila mpangilio wake wa asili. Huko huwezi kujua kama umekosea wewe au aliyepanga mawe.

Vyombo

Kama hesabu zinakuchosha na unachotaka ni kusikia lugha, nenda kwenye vyombo. Ukingo wa kikombe cha Wamaya mara nyingi una mkanda wa maandishi unaofuata mpangilio mmoja, uliotambuliwa na Michael Coe mwaka 1973: ishara ya kuanzia, kitenzi cha kuzindua, neno la uchoraji au uchongaji, aina ya chombo, kilichomo, kisha jina na vyeo vya mwenye chombo. Baadhi ya vyombo hufupisha, vingine hurefusha, lakini mpangilio haugeuki. Ukijua uko wapi katika mkanda, unajua neno gani linatarajiwa, na hapo ndipo silabi usiyoifahamu inapojifichua.

Kikombe ni duara na hakina mwanzo unaoonekana, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta ishara ya kuanzia. Mara nyingi iko juu ya mtu mkuu wa picha, au mwanzo wa mandhari. Usipoipata, tafuta yu-k'i-bi na urudi nyuma. Yu-k'i-bi ni yuk'ib: y- ni «-ake», uk' ni kunywa, na -ib ni kiambishi cha kifaa. Kiswahili kina neno lililojengwa vilevile, kinyweo, kwa hiyo yuk'ib ni kinyweo chake, na huhitaji maelezo zaidi. Sahani husema u-la-ka, ulak, sahani yake.

Kilichomo mara nyingi ni kakao. Huandikwa ka-ka-wa, na ka yaweza kuwa samaki mzima au pezi lake linalofanana na kitana. Mwandishi mvivu (au mstadi) huandika ka moja na kuiwekea nukta mbili ndogo pembeni, maana yake isome mara mbili. Nukta hizo si tarakimu. Anayetoka kwenye mawe huzihesabu kuwa namba 2 na kubaki akijiuliza kakao mbili za nini. Usomaji huu ulipata ushahidi wa maabara: chombo chenye kifuniko cha kuzungusha kilichotoka Kaburi la 19 la Río Azul, Guatemala, kina neno hilo ubavuni, na mabaki yaliyokwanguliwa ndani yalikuwa na kemikali za kakao.

Faida ya vyombo ni wingi. Justin Kerr alipiga picha za kuzungusha, zinazotandaza duara lote kuwa ukanda mmoja, na kila chombo katika mkusanyiko wake kina namba inayoanza na K. Chukua kumi vyenye mkanda unaosomeka, pangilia maneno yao katika jedwali, neno la chombo chini ya neno la chombo, na utaona tahajia zikibadilishana mahali: hapa ishara ya neno, pale silabi zake. Kwa kujifunza silabi hakuna njia ya haraka zaidi.

Lakini kuna mitego ambayo mawe hayana. Vyombo vingi vilichimbwa na wezi wa makaburi, havina mahali vilipotoka, na baadhi vilipakwa rangi upya na wauzaji ili vipate bei. Ishara iliyopakwa upya huonekana safi kuliko jirani zake na mara nyingi haisomeki. Kadiri ilivyo nzuri mno, ndivyo uiogope. Kuna pia vyombo vya zamani halali vyenye ishara za mapambo tu, zilizochorwa na mtu asiyejua kusoma. Kipimo chake ni rahisi: mkanda unaorudia ishara mbili au tatu zilezile kuzunguka chombo chote, bila yuk'ib wala ulak, uache. Na hata mkanda ukisomeka vizuri, usidhani jina la mwenyewe linakuambia mahali. Kikombe cha K'ahk' Tiliw Chan Chaak, mtawala wa Naranjo huko Guatemala, kilipatikana katika kaburi la Buenavista del Cayo, Belize. Kilitolewa zawadi.

Kikwazo cha mwisho ni kwamba mkanda haukupeleki mbali. Baada ya vyombo thelathini utakuwa unasoma silabi vizuri na sentensi moja tu.

Vitabu

Kodeksi zimebaki nne: ya Dresden, ya Madrid, ya Paris, na ile ya Mexico iliyojitokeza miaka ya 1960 na kubishaniwa muda mrefu kabla ya kuthibitishwa kuwa ya kweli. Anayeanza achukue ya Dresden. Ina mwandiko safi kuliko zote, na maktaba ya SLUB ya Dresden imeweka picha zake kwenye intaneti bila malipo. Maji yaliiharibu mwaka 1945 wakati wa vita, kwa hiyo palipofifia linganisha na nakala aliyoitoa Ernst Förstemann mwaka 1880, inayoonyesha ishara ambazo leo hazipo.

Ukurasa wa kawaida umegawanywa katika mikanda. Kushoto kuna safu ya majina ya siku, kisha vipande, kila kimoja na miraba michache ya maneno, picha ya mungu chini yake, na namba mbili: nyeusi ni idadi ya siku za kusonga, nyekundu ni namba ya siku unayofikia. Kanuni ni hii: nyekundu ya awali jumlisha nyeusi, toa 13 kadiri inavyowezekana, upate nyekundu inayofuata. Ukiwa kwenye 2 na nyeusi ni 15, jibu ni 4. Namba nyeusi zote za mkanda mmoja zinapojumlishwa lazima zitoe 52 ikiwa safu ina siku tano, 65 ikiwa nne, 26 ikiwa kumi, kwa sababu mzunguko mzima wa namba 13 na majina 20 ni siku 260. Kama hazitoi, umeruka kipande. Nakala za nyeusi na nyeupe huonyesha nyekundu kama mistari mitupu isiyojazwa ndani. Hakikisha unajua hilo kabla hujaanza.

Picha nayo inasaidia kweli. Jina la mungu limo katika miraba iliyo juu yake, na baada ya kurasa chache unamtambua Chaak, mungu wa mvua mwenye pua ndefu, hata kabla ya kusoma cha-ki. Anayependa nyota atapata hapa kitu ambacho mawe hayana: jedwali la Zuhura, lenye vipindi vya siku 236, 90, 250 na 8, jumla 584. Mizunguko mitano ni siku 2,920, sawasawa na miaka minane ya siku 365. Jedwali la kupatwa kwa jua lina siku 11,960, ambazo ni mizunguko 46 kamili ya 260.

Kwa nini basi tusivipendekeze kwa kila mtu? Kwanza, hakuna watu. Hakuna kuzaliwa, vita wala kutawazwa. Ni miungu, sadaka na bahati ya siku, na msamiati wake hautakusaidia sana ukirudi Palenque. Pili, lugha imechanganyika. Mawe na vyombo vya kipindi cha kale vimeandikwa kwa lugha ya jamii ya Kich'ol, ilhali kodeksi, za karne nyingi baadaye, zina Kiyukatek kingi. Nyumba ni otoot kwenye mawe na otoch kwa Kiyukatek. Anayeanza na kodeksi huzoea kamusi za Kiyukatek, kisha anazipeleka kwenye mawe na kupata maneno yasiyokuwepo.

Kuna jambo la Landa pia, ambalo kila msomaji wa kodeksi hukutana nalo. Askofu Diego de Landa, yuleyule aliyechoma vitabu vya Wamaya huko Maní mwaka 1562, aliacha orodha aliyoiita alfabeti. Alitaja majina ya herufi kwa Kihispania na mwenyeji akamwandikia silabi zenye sauti hizo: kwa b alisema «be», akapewa be. Itumie kama orodha fupi ya silabi na itakufaa. Walioitumia kama alfabeti walipotea kwa miaka themanini na zaidi.

Picha au mchoro?

Chochote ulichochagua, utasoma kupitia nakala. Kwa mawe, mchoro wa mistari ni rahisi kuliko picha, na ndiyo hatari yake: mchoraji ameshaamua kwa niaba yako nukta ni ngapi na kijazio ni kipi. Juzuu za mradi wa Peabody Museum, Harvard, ulioanzishwa na Ian Graham mwaka 1968, huweka mchoro na picha pamoja, na hivyo ndivyo inavyofaa. Soma kwa mchoro, kisha kila namba na kila kitenzi kithibitishe kwenye picha. Picha iliyopigwa mwanga ukitoka ubavuni hufaa kuliko ya mwanga wa mbele, kwa kuwa kivuli ndicho kinachochora mchongo. Kwa mawe yaliyoliwa na mvua, plasta alizotoa Alfred Maudslay miaka ya 1880 mara nyingi zina maelezo ambayo jiwe lenyewe limeshapoteza.

Kwa vyombo kanuni inageuka. Achana na michoro, tumia picha za rangi, maana mchoraji wa kale na aliyepaka juzi hutofautishwa kwa rangi. Kwa kodeksi huhitaji mchoro kabisa, isipokuwa pale palipofifia.

Daftari ligawanywe safu tatu kwa kila mraba: anwani yake (A1, B1), ishara ulizoziona kwa mpangilio wake, kisha usomaji. Safu ya pili usiigeuze kamwe ili ilingane na ya tatu. Mraba usiosomeka upe namba za T na alama ya kuuliza, upite. Katika stela ya miraba sabini, kumi na tano ya namna hiyo si kitu cha kukushtua. Tarehe zikishafunga hesabu na majina yakishatambulika, utairudia ukiwa na jiwe la pili lenye ishara zilezile mkononi.